Edmondi na Jino Lake

Wahenga waliposema kuwa njia ya mwongo ni fupi, walikuwa na maana kwamba uongo haufiki mbali kabla ya kunaswa. Urefu wenyewe hawakuupima. Aliyekuja kuupima ni Harriet, fundi cherehani wa sokoni Koboko, nchini Uganda, naye aliukuta ni kurasa thelathini na moja.

Harriet alikuwa amenunua riwaya nene ya Kiingereza kwa Daisy, muuza vitabu vya mitumba mjini Arua. Ilisimulia habari za Klara, muuguzi wa siku hizi, aliyevuka daraja penye ukungu akajikuta miaka mia mbili nyuma, na huko akampenda mhunzi aliyeitwa Edmondi. Kila alasiri kazi ilipopungua, Harriet aliwasomea mafundi wenzake barazani, akiigeuza Kiswahili papo hapo. Edmondi alipoandamwa na askari, cherehani zote zilinyamaza. Klara alipombusu, Mama Mindra, kiongozi wa kwaya, alijifunika uso kwa kitenge cha mteja, ila masikio aliyaacha wazi.

Msikilizaji asiyekosa alikuwa Mama Celestina, aliyekimbia vita Sudan Kusini na kufiwa na mumewe, Santo, njiani. Ndiyo maana Harriet alipofika ukurasa wa mia mbili na kuona Edmondi amepigwa risasi, anakata roho mikononi mwa Klara, ulimi ulikuwa mzito. Alimtazama Celestina akipinda suruali ya watu, huruma ikamshika.

"Risasi ikampita," alisema.

Hapo akawa amejitia kitanzi mwenyewe. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya Klara kuomboleza, na Harriet akawa na kazi ya kumtembeza maiti. Kwanza alimpa Edmondi safari ya mbali. Safari ilipozidi kuwa ndefu, alimrudisha, akampa maumivu ya jino. Klara alipolia kaburini, Harriet alisema analilia mbuzi wake. Raha ya kusoma ilimtoka kabisa. Akinaswa, nani angemwamini tena, na Mama Celestina angemwonaje?

"Hii jino ya Edmondi iko namna gani?" Mindra aliuliza siku ya sita ya uongo huo, walipofika ukurasa wa mia mbili na thelathini na moja. "Huko hakuna mutu ya kung'oa?"

"Itapona," Harriet alijibu, akifunua ukurasa haraka.

Siku hiyohiyo Daisy alikuwa amekuja kutoka Arua kushonewa gauni. Aliposikia jina hilo aligeuka. "Edmondi gani anaumwa jino? Si alikufa ukurasa ya mia mbili?"

Harriet alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikiri yote, akasema hakutaka kumtonesha Mama Celestina kidonda.

Celestina aliweka mkasi chini. "Mimi najua tangu siku ile," alisema. "Ulinyamaza, macho ikajaa maji, halafu unasema risasi imepita. Nani analilia risasi ya kupita?"

"Nisamehe, mama."

"Sikia, mwanangu. Santo nilimwacha kando ya barabara. Tulikuwa tunakimbia, hata nafasi ya kulia sikupata. Nilikuwa nangoja huyu ya kitabu akufe, nimlilie pole pole, nimekaa chini. Wewe unampa jino."

Mindra ndiye aliyeanza kucheka. Celestina akafuata, na Harriet akacheka huku machozi yakimtiririka, maana aibu ilikuwa bado inamchoma. Kisha alirudi ukurasa wa mia mbili, akausoma kama ulivyoandikwa, na pumzi ya mwisho ya Edmondi ikiwemo. Celestina alilia kwa sauti, akalia hadi akashiba, wala hakuna aliyemwambia anyamaze. Mteja mmoja aliyefuata suruali yake alidhani kuna msiba, akavua kofia na kutoa pole. Akaambiwa aje kesho.

Celestina alipomaliza alipangusa uso, akavuta kiti karibu na Harriet. "Sasa niko vizuri," alisema. "Endelea. Na hiyo mbuzi uiondoe."

Tangu siku hiyo Harriet husoma kilichoandikwa, wa kupona akapona na wa kufa akafa, kwani amekwisha kujionea kwamba njia ya mwongo ni fupi.