Difu Mbili, Jumamosi Moja

Asiyeijua barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay ataiona ni lami tu kama lami nyingine. Anayeijua hujishika moyo. Hupanda, hupinda, hushuka na kujikunja katikati ya mashamba ya kahawa na miteremko ya ngoro, yale mashimo ya kulimia ya milimani, mpaka mtu wa mwisho garini asahau alikuwa anasimulia nini. Barabara hiyo ndiyo iliyomfunza Joakim Kapinga kuendesha gari, na ndiyo iliyomtoa machozi akiwa mtu mzima mwenye ndevu zake.

Joakim alikuwa fundi wa magari mjini Mbinga, kijana wa miaka ishirini na tisa, mwenye mikono myepesi na kichwa kigumu. Alikuwa na Mark II nyeupe aliyoinunua ikiwa mkweche, akaifufua bolti moja baada ya nyingine hadi ikawa gari la kutazamwa. Aliipenda kupita kiasi. Majirani walisema siku moja atakwenda kwa paroko kuandikisha ndoa nayo.

Kitu kingine alichokipenda Joakim duniani kilikuwa bibi yake, Tadea. Mama yake alipofariki, Bibi Tadea alimchukua akiwa hajaota meno, akamlea kijijini Mkumbi kwa uji, sala na kiboko cha hapa na pale. Kwa utani wa bibi na mjukuu alimwita "mume wangu," na hata sasa, akiishi naye mjini, akiwa na miaka themanini na nyonga isiyomruhusu kupanda basi, alimkaripia kwa jina hilohilo.

Bibi Tadea hakuwa mzaliwa wa milimani. Alizaliwa Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa, akapandishwa mlimani akiwa bi harusi. Kati ya watoto wa mama yao alikuwa amebaki yeye na mdogo wake mmoja, Winifrida. Miaka tisa walikuwa hawajaonana. Mmoja nyonga ilimfunga, mwingine macho yalififia, nao wakabaki kupigiana simu na kuulizana habari za maradhi.

Siku ya Jumatano simu ililia. Alikuwa Hamphrey, mtoto wa Winifrida aliyeoa na kuhamia ng'ambo, Malawi. Alisema amekuja kumchukua mama yake akaishi naye moja kwa moja, na meli ingeng'oa nanga Mbamba Bay Jumamosi saa kumi alasiri. Bibi Tadea alirudisha simu mezani taratibu, akamgeukia mjukuu wake.

"Mume wangu, nipeleke nikamshike mkono mdogo wangu. Akishavuka maji hayo, mimi na yeye tutaonana mbinguni tu. Sikuombi kingine."

"Nitakupeleka, Bibi," Joakim alisema. "Hata kama dunia itapinduka."

Dunia haikupinduka, ila Jumamosi hiyohiyo asubuhi kulikuwa na mbio za magari kwenye uwanja wa zamani wa ndege ndogo, mwendo wa saa moja kuelekea Songea. Magari yalianza yakiwa yamesimama, na mshindi alikuwa yule aliyevuka mstari wa mwisho kwa mwendo mkubwa kuliko wenzake. Mwaka uliopita vijana wa Songea walimshinda Joakim, wakamwambia gari lake linafaa kubebea maharusi. Maneno hayo yalimkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni.

Sasa, gari la namna hiyo hupata nguvu zake kwa njia ya difu, lile bonge la chuma lililo kati ya magurudumu ya nyuma. Ndani yake mna meno: gurudumu kubwa liitwalo krauni, na dogo liitwalo pinioni. Joakim alikuwa na difu mbili. Ya kwanza, krauni yake ilikuwa na meno arobaini na matatu na pinioni meno kumi. Mafundi huiita fupi. Hiyo hulirusha gari likiondoka na hupanda mlima bila kuhema, lakini kwenye tambarare injini hulia mapema na mwendo huishia hapo. Ya pili ilikuwa na meno arobaini na moja kwa kumi na moja, nayo huitwa ndefu. Hiyo huanza kwa uvivu na mlimani hulalamika, ila ikishanyooka hukimbia mpaka dereva mwenyewe aogope.

Siku ya Ijumaa Joakim alizilaza zote mbili juu ya gunia, akachuchumaa kuzitazama huku akijikuna kichwa. Mzee Egidi, mwenye gereji na mwalimu wake wa ufundi, alimkuta hapo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Unataga?"

"Nachagua difu, Mzee. Ndefu itanipa ushindi lakini itachelewa kuondoka. Tena nikirudi na Bibi kutoka ziwani itanisumbua kwenye milima. Fupi itapanda vizuri, lakini kwenye mbio nitachekwa tena."

"Basi chagua moja," Mzee Egidi alisema. "Funga ndefu, mlima upande na gia ya pili, utafika tu. Au funga fupi, ukubali kuchekwa, kicheko hakivunji mfupa. Yoyote kati ya hizo itamfikisha bibi yako ziwani."

"Je, nikichukua krauni ya hii na pinioni ya ile? Arobaini na matatu kwa kumi na moja. Nitapata ya katikati, Mzee! Itaondoka vizuri na itakimbia vizuri."

Mzee Egidi alivua kofia. Alikuwa na desturi ya kuvua kofia akitaka kusema jambo zito.

"Mwanangu, krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani, jino kwa jino. Huyu amemzoea huyu. Ukimpa mwingine watatafunana, na hutabaki na huyu wala yule. Hesabu yako ni nzuri kwenye karatasi. Hapa tunashika chuma."

"Nimekuelewa, Mzee," Joakim alijibu.

Alikuwa ameelewa, lakini hakukubali. Ilikuwa Kwaresima, na saa kumi Mzee Egidi alikwenda kanisani kwenye Njia ya Msalaba. Mzee alipokuwa anapiga goti kwenye kituo cha tano, mwanafunzi wake alikuwa chini ya gari na spana mkononi, anaoanisha vyuma visivyojuana. Meno yalibana. Akaongeza shimu, vile vibati vyembamba vya kupangia nafasi, akalegeza kidogo hapa na pale, mpaka yakazunguka. Alijaza oili, akafunga bolti, akazungusha gari mtaa mmoja. Difu ilitoa mlio mwembamba kama mbu. Joakim alijiambia kwamba vyuma vipya huhitaji kuzoeana, ingawa hakukuwa na chuma kipya hata kimoja pale.

Asubuhi ya Jumamosi gari liliondoka kwenye mstari kama alivyoota. Joakim alicheka peke yake ndani. Kufikia nusu ya uwanja mlio wa mbu ulikuwa umegeuka kilio cha fisi, usukani ukatetemeka, naye akalazimika kuinua mguu kutoka kwenye mafuta. Kati ya magari manane alikuwa wa saba, na wa nane alikuwa amepasua tairi. Vijana wa Songea hawakumcheka safari hii. Mmoja alimwuliza kwa upole, "Kaka, gari lako linalia nini?" Upole huo ulimuuma kuliko kicheko cha mwaka jana.

Alipoinama kugusa difu, ilikuwa ya moto kama sufuria ya uji. Hapo angeweza kumpigia simu Mzee Egidi, akasema, "Mzee, nimekosea, nitafutie gari jingine la kumpeleka Bibi." Muda ulikuwepo. Aliishika simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Aliona aibu. Akajisemea kwamba kwenda ziwani ni kushuka zaidi kuliko kupanda, na gari litafika.

Saa saba mchana alimkuta Bibi Tadea mjini, amekaa nje ya chumba chake tangu asubuhi. Alikuwa amevaa vitenge vyake vya Pasaka kabla ya Pasaka, na miguuni pake kulikuwa na kikapu cha maharage na kahawa aliyoikaanga na kuitwanga mwenyewe.

"Umeshinda, mume wangu?"

"Sijashinda, Bibi."

"Haidhuru. Twende kwa Winifrida."

Walisafiri. Bibi alisimulia njia nzima: jinsi Winifrida alivyokuwa mwoga wa mamba, jinsi walivyolala kwenye mkeka mmoja na mdogo akamvutia shuka lote. Alikuwa anacheka kama msichana. Chini yao difu ilikuwa inalia, na kila kilomita ilizidi.

"Gari linaumwa?" aliuliza.

"Hapana, Bibi. Ndivyo linavyoimba."

Mara mbili Joakim alisimama kulipoza, akisingizia maji ya injini. Ilipotimia saa tisa walikuwa kwenye kona ya juu, mahali ambapo milima hufunguka na ziwa kuonekana lote chini. Hapo kitu kilipasuka nyuma kwa kishindo. Gurudumu moja lilikwama, gari likaserereka na kusimama ukingoni mwa barabara. Joakim alikanyaga mafuta. Injini ilinguruma vizuri, lakini gari halikusogea hata shibiri.

Alisimamisha kila kilichopita. Lori lilikubali, lakini Bibi hakuweza kulipanda. Bodaboda akakubali. Bibi Tadea alimshika Joakim bega akajaribu kuinua mguu, nyonga ikakataa, akatoa sauti ndogo ya maumivu ambayo Joakim hakuwahi kuisikia kwake. Magari madogo mawili yalipita yamejaa. Joakim alimketisha kwenye jiwe, akampa maji.

"Niambie ukweli," Bibi alisema. "Kimevunjika nini?"

Joakim akamweleza yote: difu mbili, onyo la Mzee Egidi, mbio, aibu na simu aliyoirudisha mfukoni. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ungefunga hata moja, ile mbaya kuliko nyingine, tungefika?"

"Tungefika, Bibi. Zamani tu."

"Na sasa umebaki na ngapi?"

"Sina hata moja. Nusu ya hii na nusu ya ile zimetafunana, na vyuma vilivyobaki havina wenzi."

Mvua ya juzi ilikuwa imeosha anga, na ziwa lilionekana hadi mbali sana. Saa kumi na dakika chache, kitu cheupe kidogo kama punje ya mchele kilijitenga na nchi kavu. Bibi Tadea alikiona kwanza. Alinyoosha mkono kuomba simu.

Hamphrey alipokea, akampa mama yake.

"Dada," sauti ya Winifrida ilisikika katikati ya upepo, "nimekungoja pale gatini mpaka wakanishika mkono kunipandisha."

"Nimekuja, Wini. Niko hapa juu mlimani. Meli yenu naiona."

"Unaiona kweli?"

"Naiona. Simama upande wa huku."

"Nimesimama, dada. Mimi sioni kitu, lakini nimesimama."

"Nami nimesimama," alisema Bibi Tadea. Kweli aliinuka kwenye lile jiwe, nyonga ile ile, akapunga mkono wake mkavu kwa punje ya mchele iliyokuwa inazidi kuwa ndogo. Waliongea mpaka mtandao ukakatika katikati ya jina.

Bibi alipoketi tena, Joakim alipiga magoti kwenye kokoto, akaweka kichwa mapajani pa bibi yake, akalia bila kujificha. Bibi alimpapasa nywele.

"Nilikusamehe kabla hujamaliza kunieleza," alisema. "Lakini sitakudanganya kwamba sikuumia. Nimeumia, Joakim."

Hakumwita mume wangu, na Joakim alilisikia hilo kuliko yote.

Hatimaye gari la abiria aina ya Noah lililokuwa linapanda kwenda Mbinga lilisimama. Dereva aliuliza wanakwenda wapi. Joakim alimtazama bibi yake, naye akajibu, "Nyumbani." Joakim alimbeba mikononi akamketisha karibu na dirisha, akamwekea kikapu chake kilichojaa kama kilivyotoka. Gari likaanza kupanda. Mbio alizikosa, difu zote mbili alizikosa, na mkono wa Winifrida, kitu pekee alichokiomba bibi yake, alimkosesha. Hakika wahenga hawakukosea waliponena kwamba mtaka yote hukosa yote.