Sufuria Haisifiwi Kwenye Boksi

"Sufuria haisifiwi kwenye boksi," Bibi Naetwe aliwaambia wajukuu zake walipokuwa wakiisifia pasi mpya waliyoiagiza mtandaoni. Wakacheka, wakataka kujua msemo huo umetoka wapi. Bibi akasukuma ungo pembeni. Methali hii, akasema, ilianza hivi.

Pale Same palikuwa na kikundi cha akina mama wapishi wa harusi. Mdogo wao kabisa aliitwa Nakijwa, msichana mwenye haya, aliyeishia darasa la nne. Kwenye vikao alikaa karibu na mlango.

Siku moja kikundi kikapata kazi ya kupikia harusi ya watu mia tatu. Mwenyekiti, Mama Mbwambo, akaona sufuria kubwa kwenye duka la mtandaoni.

"Someni wenyewe," akasema, akiizungusha simu. "Watu sitini wamesifu! 'Mzigo umefika salama.' 'Inang'aa kama kioo.' 'Nyota tano, mbarikiwe.' Mnataka nini tena?"

Simu ikamfikia Nakijwa. Yeye alisoma polepole, neno kwa neno, kwa hiyo hakuruka hata sifa moja. Alipofika mwisho akarudi juu, akasoma tena. Sufuria zikiwaangusha mbele ya wakwe, nani angewaita tena?

"Mama, hapa hakuna aliyepika."

"Ati nini?"

"Wamesifu kupokea. Hakuna aliyetaja hata chai."

Kicheko kikalipuka. "Haya, darasa la nne limekuwa mkaguzi!" akasema mmoja.

"Mwanangu," Mama Mbwambo akasema, "mtu akiletewa kitu hushukuru. Ndiyo adabu."

"Shukrani ni za aliyeleta mzigo, mama." Akaivuta simu karibu. "Mimi namtafuta mpishi."

Akaandika chini ya sifa zile maneno mawili tu: "Mmeshapikia nini?"

"Tutangoja hadi kesho," mwenyekiti akasema, "ili roho yako itulie."

Kesho yake majibu yalikuwa yamejaa. "Bado iko kwenye boksi, naisubiri Krismasi." "Yangu ni pambo la kabati." "Sijaifungua, nilisifu picha." Waliopika walikuwa watatu. Wa kwanza alisonga ugali, mshikio ukabaki mkononi. Wa pili alichemsha makande, kitako kikatoboka. Wa tatu aliandika: "Yangu pia ilivuja. Niliona aibu kusema, wote mlikuwa mnasifu."

Hakuna aliyecheka. Mama Mbwambo akamkabidhi Nakijwa simu kwa mikono miwili. "Chagua wewe, mwanangu."

Nakijwa akachagua sufuria nyeusi, nzito, zisizo na uzuri wowote. Zilikuwa na sifa moja tu, ya mpishi wa shule: "Mwaka wa pili, maharage kila siku. Haijavuja."

Siku ya harusi pilau iliiva hadi harufu ikawatoa wageni vitini. Wakwe walimaliza sahani, wakaomba ukoko. Akina mama wakambeba Nakijwa juujuu, wakipiga vigelegele, naye kwa mara ya kwanza akacheka kwa sauti.

Tangu hapo, mtu akianza kusifia kitu alichokipokea jana, Mama Mbwambo mwenyewe humkatiza: "Taratibu, shoga. Sufuria haisifiwi kwenye boksi."