Kijani Ukingoni mwa Ndoo

Kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake ni kwamba anayetudhuru mara nyingi hatoki mbali. Tunaye, tunamtunza, huku macho yetu yakimsaka adui upeoni. Watu wa kisiwa cha Koyama waliijua methali hii tangu utotoni, lakini kuijua si kuitumia.

Hanan, mjukuu wa Bimdogo, alikuwa amenyauka kama mche uliokosa maji. Tumbo lilimsokota na chakula hakikupita. Daktari wa Kismayo alipopima damu yake alikuta madini ya risasi, akaonya kwamba yakizidi, akili ya mtoto itadumaa. Arafa, binti ya Bimdogo na mtafiti wa fuwele zing'aazo za perovskaiti huko Mombasa, alikuja mbio. Alipima maji ya birika la mvua, akaikuta sumu ile ile. Ilitoka wapi?

"Melini!" alinguruma Mahmudi, kaka yake Bimdogo, mshona nyavu. "Zinamwaga taka kilindini. Kesho nalifukia birika hili!"

"Halafu tunywe nini?" aliuliza Bimdogo. Maji mengine matamu hayakuwapo nyumbani.

"Mjomba, birika ni la mvua, si la bahari," alisema Arafa.

"Ewe mchu wa vitabu!" alifoka Mahmudi kwa lahaja ya kwao, yaani mtu wa vitabu. "Na mvua yatoka wapi kama si baharini?"

"Risasi haipai na mvuke. Nipe mchana mmoja tu."

Arafa alifunga madirisha ya ghala mpaka giza likatanda. Dawa aliyokuja nayo, ikikutana na risasi, huzaa fuwele za perovskaiti, nazo hung'aa kijani chini ya tochi ya urujuanimno. Alinyunyizia kipande cha bati la paa. Giza. Akanyunyizia chokaa ya birika. Giza.

"Niliwaambia!" Mahmudi alichekelea.

Ilibaki ndoo ya kuchotea maji. Ndoo ya plastiki huelea, basi Mahmudi alikuwa ameifunga chubwi ukingoni, kile kipande cha risasi cha kuzamishia wavu, ili ilale na kujaa upesi. Mwaka mzima ilikaa ndani ya birika. Arafa akanyunyiza, akawasha tochi. Chubwi likalipuka kijani kama bahari inapopigwa kasia usiku!

"Subhanallah!" Bimdogo alipiga ukelele. "Hilo ulilifunga wewe, Mahmudi!"

"Kwa wema, dada! Nilikuonea huruma mgongo wako!"

Arafa alimgeukia mjomba na dawa yake. Alinyunyizia pindo la kikoi cha mjomba, alipozoea kufutia mikono baada ya kuyeyusha chubwi. Nalo likawaka. Mahmudi aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

Jiwe likachukua nafasi ya chubwi. Birika likakombwa na kusuguliwa. Maji yaliyosalia mitungini yakachujwa kwa mifupa ya samaki iliyochomwa na kusagwa, maana mifupa hiyo huinasa risasi. Vipimo vipya vikatoka safi, na damu ya Hanan, ilipopimwa tena Kismayo, ikaonyesha sumu inapungua. Siku hiyo mtoto alimaliza wali wake, akanyoosha mkono kwenye sahani ya Mahmudi.

"Chukua, mwanangu," alisema Mahmudi, akiwa ndani ya kikoi kipya. "Meli nilizitukana bure. Kikulacho ki nguoni mwako."