Mistari Iliyopishana

Tajiri mmoja alikuwa na kiwanda cha chai milimani, na watu sitini chini yake, wala hakujua nani anafanya nini. Akamwita karani wake, Mbelwa, akamkabidhi kompyuta yenye programu ya kuchora: kila mtu kisanduku chake, na kutoka kila kisanduku mstari mmoja wa kupanda kwa mkubwa wake. Akasema hataki kuona mistari inayopishana. Asiye na kisanduku, mwisho wa mwezi asirudi kazini.

Mbelwa akachora siku nne. Kazi ilimnogea, maana si kila siku karani huwapanga watu kama vikombe kabatini. Akakwama kwa mtu mmoja tu, Bi Nyange. Daftarini aliandikwa mfagiaji, lakini kwa miaka ishirini na miwili fagio lake liliegemea ukuta tu. Wapokeaji walimwita aangalie majani yaliyoletwa. Wa vitandani, kule yanakotandazwa yanyauke, walimwita ayafumbate: yakifumuka upesi mkononi, bado, yakibaki yameshikana, tayari. Wa tanuri walimwita anuse. Mbelwa akimpa mistari mitatu, inakatiza picha nzima. Akimpa mmoja, anakuwa mfagiaji wa tatu, na wawili walitosha.

Ni huyuhuyu Bi Nyange aliyempeleka Mbelwa kwa tajiri enzi zile hana kazi, akamdhamini kwa jina lake. Alipopita akaviona visanduku kwenye kioo cha kompyuta, akasimama.

"Mwanangu, mimi umeniweka wapi?"

Mbelwa akamwambia asiwe na wasiwasi. Bi Nyange alipotoka, karani akamfuta. Shukrani ya punda ni mateke. Picha ikatakata, tajiri akaisifu, ikatundikwa ukutani, na mwisho wa mwezi Bi Nyange akaenda zake bila kumuaga mtu.

Haukupita muda chai ikaanza kuharibika. Wa vitandani walisema wamengoja saa zilizoandikwa. Wa tanuri walisema wamekausha walicholetewa. Wote walisema kweli, na chai ikazidi kurudishwa kutoka mnadani. Tajiri akamsimamisha Mbelwa mbele ya picha, akamtaka amwonyeshe aliyekosa.

Mbelwa alimjua. Ni yeye mwenyewe. Angesema tu Bi Nyange arudishwe, kiwanda kingepona. Lakini hapo angeulizwa ni nani aliyemfuta. Macho yake yakazunguka picha yote, na ndipo alipogundua kwamba kisanduku cha karani hakimo. Aliyewachora wote hakujichora. Alijiona yuko nje ya karatasi, kama mungu mdogo, na tajiri naye hakuwa ameuliza.

Basi akafunika kombe mwanaharamu apite. Akanyoosha kidole, akakiweka juu ya kisanduku cha Kaniki, msimamizi wa tanuri, mtu ambaye hakuwa na kosa hata chembe. Alasiri ileile Kaniki akateremka mlima na godoro lake kichwani, wanawe wakimfuata nyuma na masufuria.

Chai ya kiwanda kile ni mbovu hadi leo, na picha ingali ukutani, safi, haina mistari inayopishana. Sasa niambieni, ninyi mnaowapangia wenzenu nafasi zao: ninyi wenyewe mmejiweka wapi?