Bomba la Mashavu

Masika yale, gari kuukuu la fundi Mashavu lilimshinda Bwana Shemdoe kwa mbio kwenye barabara ya kiwanda cha katani, na Muheza nzima ikacheka. Shemdoe, mwenye kiwanja cha gereji ya Mashavu, alikuja amefura.

"Tushindane tena kesho, njia ile ile. Ukishindwa, unahama. Ukishinda, kiwanja ni chako, nasema mbele ya mafundi wote. Lakini kwanza nifungie lile bomba lako la kuvutia hewa baridi."

"Tajiri, chukua hata magurudumu," Mashavu alilia. "Bomba niachie! Ndilo linalolipa gari langu pumzi."

"Ndiyo maana nalitaka."

Mashavu alilifunga kwenye gari la Shemdoe, mdomo wake ukiwa chini kabisa, nyuma ya bampa, penye hewa baridi. Gari lake mwenyewe akalirudishia bomba la kiwandani, lenye mdomo juu karibu na boneti.

Usiku mvua ilinyesha sana.

"Tungoje barabara ikauke," Mashavu aliomba asubuhi.

"Unaogopa, mama! Leo leo!"

Shemdoe aliondoka kama mshale. Bondeni maji yalikuwa yamekatiza barabara. Aliyaingia kwa kishindo, bomba likavuta maji badala ya hewa, injini ikazima.

Mashavu, ambaye alfajiri alikuwa amekwenda kuyapima kwa fimbo, alivuka polepole, akafika kiwandani, kisha akarudi na kamba.

"Nivute, fundi," Shemdoe alisema kwa sauti ndogo.

"Nitakuvuta, tajiri. Karibu kwangu."