Karatasi ya Baba Chausiku

Palikuwa na baba wa jina tu, mwenye malori mawili. Mahakama ilimwamuru amtunze mwanawe, Chausiku, hakumnunulia hata sabuni. Alipoitwa tena, akaandika kwamba Mwasiti, mama wa mtoto, ameshapokea kila kitu, akampelekea karatasi.

"Inasemaje?" Mwasiti akauliza.

"Nitampa Chausiku lori moja. Tia dole gumba, mbumbumbu wee!"

"Ngoja, wino uko ndani."

Akakawia, akarudi na karatasi yenye dole. Baba Chausiku akasaini bila kuitazama, si aliiandika mwenyewe!

Hakimu akaisoma: "Nitampa Chausiku lori moja."

"Mwandiko wa nani huo?" Baba Chausiku akafoka.

"Wangu," alisema Mwasiti. "Nasoma ngumbaru, mwaka wa pili. Nimeandika vilevile ulivyonisomea, Baba Chausiku."