Kibuyu cha Mwishonjia

Ngano inakuja!

(Na ije, tumeketi!)

Inatoka mbali!

(Itue hapa, ipumzike!)

Hapo kale, kale hasa, kabla bibi wa bibi yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji cha wanyama juu ya mlima. Kiliitwa Mwishonjia, maana njia ilifika pale ikakata tamaa. Majani yalikuwa mengi, chemchemi baridi, maziwa ya ng'ombe tele. Lakini soko lilikuwa Njiapanda, chini kabisa. Kutoka huku hadi huko ni mawe, mabonde, na mawe tena.

Mkubwa wa soko alikuwa Fisi. Na Fisi huyu, wenzangu, macho yake yote yalikuwa kwenye ile chemchemi. Siku moja akapanda mlimani huku anahema.

"Jamani, mnateseka bure," akasema. "Watu wa mbali hawawezi kushindana na soko. Hameni, mje kunibebea mizigo. Mlima niachieni mimi."

Wanyama wakainamisha vichwa. Sungura, mwoga yule, akaanza kufunga virago. Lakini Nungunungu alikuwa mjane mwenye ng'ombe mmoja, na mumewe alizikwa palepale mlimani. Akakataa.

"Tupe magulio matatu," akasema. "Nikishindwa kuuza maziwa yangu, tutahama wote."

Fisi akacheka. Mnajua wenyewe anavyocheka.

Gulio la kwanza likafika. Nungunungu akakama alfajiri, akajaza kibuyu, akakifunga mgongoni kwa jirani yake Punda, aliyezoea kumwita shemeji.

"Shemeji, tembea kwa adabu, maziwa yasitikisike."

Punda akatembea kwa adabu. Mawe, mabonde, na mawe tena. Walipofika, jua lilikuwa utosini na maziwa yameganda. Fisi akayamwaga chini mbele ya soko zima.

"Hapa tunauza mabichi, mama," akasema. "Rudi kwenu."

Gulio la pili, Nungunungu akasema, "Shemeji, leo kimbia."

Punda akakimbia, kibuyu mgongoni pwacha-pwacha, pwacha-pwacha. Mawe, mabonde, na mawe tena. Wapi! Yameganda vilevile. Fisi akayamwaga bila hata kuyatazama. Nungunungu akalia njia nzima, wala hakuona haya kulia.

Jioni akaosha kibuyu. Akavuta kizibo, akaona bonge dogo la njano limenasa. Akalilamba. Akalilamba tena. Ilikuwa siagi! Akatoka mbio, miiba yote imesimama, akagonga mlango wa Punda.

"Shemeji, ile njia yetu inafanya kazi! Mawe yake yametusukia siagi!"

Akapita nyumba kwa nyumba. "Leteni maziwa yenu. Yaacheni yagande kwanza." Sungura akafungua virago, akatoa kibuyu chake.

Gulio la tatu likafika. Punda akabebeshwa vibuyu vyote.

"Shemeji, leo adabu weka pembeni. Usiruke jiwe hata moja, likanyage!"

Wakashuka wakiimba:

*Pwacha-pwacha, njia tikisa,*
*Mwishonjia tunakuja!*

Mawe, mabonde, na mawe tena! Kufika sokoni, Nungunungu akafungua kibuyu cha kwanza. Siagi. Cha pili. Siagi. Soko zima likahamia kwake, Ngiri anasukuma, Kanga anapiga kelele, kila mmoja anataka kuonja. Maziwa mabichi ya Fisi yakabaki peke yake na nzi.

"Hata mimi naweza," akasema Fisi.

Akajaza kibuyu, akakifunga mgongoni, akatembea. Lakini barabara ya sokoni ilikuwa tambarare, na kibuyu kikanyamaza kimya. Akarukaruka. Akajibiringisha. Kibuyu kikapasuka pwaa! Maziwa yakamlowesha kichwa mpaka mkia, na nzi wote wa Njiapanda wakamfuata. Akakimbia, na chemchemi ya watu hakuitaja tena.

Hakuna aliyehama. Nungunungu alipanda mlima usiku ule, akaenda kukaa kidogo kaburini kwa mumewe, akamwambia wamebaki.

Sasa sikilizeni fundisho. Kuwa mbali si kosa. Kosa ni kung'ang'ania kuuza anachouza aliye karibu. Tazama kwenu kuna nini, hata kama ni mawe matupu, uone yanakufanyia kazi gani.

Ngano yangu imefika. Imechoka na njia, naitua hapa.

(Tumeipokea!)

Anayeitaka aibebe, ila asitembee kwa adabu.